Jumamosi Hii Nyumba Yetu Ina Timu Mbili

Kwenye kicheni pati yangu mashangazi walinifundisha karibu kila kitu. Namna ya kuongea na mume akirudi kachoka, namna ya kumpokea mama mkwe, hata namna ya kununa bila kuunguza mboga. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nifanyeje siku mume wangu akiwa kwenye benchi la ufundi la timu moja, na mdogo wangu wa damu akiwa namba tisa wa timu ya pili. Basi ndugu msomaji, siku hiyo imefika. Ni Jumamosi hii, saa kumi jioni, hapa hapa Vwawa.

Kwa wewe ambaye mara ya mwisho kufuatilia UMISSETA ulikuwa bado unavaa sare, nikukumbushe. Kila halmashauri inakusanya wachezaji bora wa sekondari zake inaunda kombaini, halafu kombaini hizo zinakutana ngazi ya mkoa. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una halmashauri tano: Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma. Mwaka huu mechi za mwanzo zimekwisha, zimebaki mbili za juu. Mbozi, wenyeji, ambao makao yao ni Vwawa. Na Tunduma, mji wa mpakani, mwendo wa kama saa moja kwa Hiace malori yakikuhurumia.

Mimi nimezaliwa Tunduma, nimeolewa Vwawa. Asubuhi napanda gari kwenda ofisini mpakani, ambako tunashughulika na makaratasi ya forodha. Jioni narudi kwa mwalimu wangu wa michezo. Kwa hiyo hizi timu nazijua zote mbili, na nakuambia kabisa, ukizichanganya jezi bado utajua nani katoka wapi.

Vijana wa Mbozi wengi ni watoto wa bweni na watoto wa mashamba ya kahawa. Mwezi huu wa sita kahawa inachumwa, na kuna beki mmoja wa kati ambaye siku asipokuwa mazoezini anabeba magunia kwa baba yake. Wanacheza kama wanavyoishi. Filimbi ya kuamka, filimbi ya kula, filimbi ya kulala. Wakipoteza mpira, wote kumi wanarudi nyuma yake bila kuitwa. Hawana haraka. Pasi fupi, nyingine fupi, warudishe kwa kipa, waanze upya, mpaka watazamaji wapige miayo. Halafu dakika ya 70 inakuja kona moja, kichwa kimoja, bao moja, mechi imekwisha. Mashindano yote haya wamefungwa goli moja tu.

Tunduma sasa! Hao ni watoto wa chandimu. Wamejifunza mpira kwenye vichochoro kati ya maduka na maegesho ya malori, pahala ambapo ukipiga mpira mrefu unaangukia kwa mtu anayekaanga chipsi. Kwa hiyo hawapigi mirefu. Wanachenga. Winga wao wa kulia anaweza kumpita beki, akamsubiri, akampita tena, bila sababu yoyote ya maana. Na wamekulia kwenye mpira wa nchi mbili, maana Nakonde ya Zambia iko hapo tu. Zambia ilipochukua ubingwa wa Afrika mwaka 2012 kwa penalti 8-7 dhidi ya Ivory Coast, mtaani kwetu usingizi haukupatikana. Dogo alikuwa mtoto mdogo kabisa, nimembeba mgongoni, anapiga kelele asichokijua. Nadhani ugonjwa ulimwingia usiku ule. Tatizo la Tunduma ni kwamba kukaba wanaona ni kazi ya wengine. Wanashinda nne kwa mbili na kurudi kwenye basi wanaimba, kocha wao kashika kichwa.

Watu wa Vwawa wanasema baridi ya Juni itawamaliza wageni. Naomba niwasahihishe. Wa kuhofia baridi hii ni ndugu zetu wa kule bondeni Momba. Tunduma nako asubuhi tunavaa makoti.

Lile goli moja ambalo Mbozi wamefungwa alifunga Dogo. Timu zilipokutana raundi ya kwanza zilitoka moja moja, na mume wangu alirudi nyumbani akala ugali wote bila kusema neno. Halafu akatoa daftari.

Hili daftari ndiyo lilikuwa ugomvi wetu wa kwanza. Linakaa mezani pale sebuleni, kila siku linaandikwa. Jumatatu nikifuta vumbi (kweli nilikuwa nafuta vumbi) likafunguka kwenye ukurasa wa Dogo. Michoro, mishale, na maneno haya kwa mwandiko wa ubaoni: asiachiwe kugeukia kulia, mguu wa kushoto hauamini. Nikasimama na kitambaa mkononi. Kuhusu ule mguu, msomaji, hakuujulia uwanjani. Aliujulia uani kwetu sikukuu ya Krismasi, Dogo alipokuja likizo wakawa wanapiga danadana, mtoto akamweleza shemeji yake kwa mdomo wake mwenyewe kwamba tangu aumie goti la kushoto anaogopa kuupigia mpira kwa nguvu.

Nilimuuliza jioni. "Hicho umekipata wapi?" Akajua mara moja nasema nini. Akajibu kikocha, kwamba taarifa ni taarifa. Nikamwambia sawa, basi na mimi ninazo taarifa. Najua kona zenu zote mnazipiga nguzo ya mbali, nimpigie simu kocha wa Tunduma? Tukalala kila mtu kaangalia ukuta wake.

Lakini hiyo ilikuwa cha mtoto. Jumatano ndiyo likaja lenyewe.

Ni lazima kwanza nikwambie kwamba Dogo ana ndevu. Ana mabega ya mtu mzima. Baba alipougua, yeye alikuwa kidato cha pili, akaacha shule akaenda mpakani kupakua mizigo na kusukuma mkokoteni, ndiyo nyumba ikala. Baadaye akarudi darasani. Mwaka 2021 serikali ilitoa waraka wa kuruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali warudi, na watu wakauongelea zaidi kwa habari ya wasichana waliopata ujauzito, ambao kweli walikuwa wameonewa muda mrefu. Wanachosahau ni kwamba wapo na wavulana waliorudi, wamekaa dawati moja na watoto waliowaacha nyuma. Umri wake uko ndani ya kanuni. Jina lake liko kwenye rejesta. Ila ukimwona kavaa jezi katikati ya wenzake, hata mimi dada yake nakuelewa ukiuliza.

Na watu wameuliza. Neno lenyewe unalijua: mamluki. Kila mwaka UMISSETA lazima kuwe na timu inayotuhumiwa kuleta mtu asiye mwanafunzi, na mara nyingine ni kweli. Timu ya mpakani ndiyo rahisi kuliko zote kutuhumiwa, maana wanasema kavushwa kutoka Nakonde. Wenzake mume wangu wanataka waweke pingamizi dhidi ya namba tisa kabla ya mechi. Hata likija kukataliwa baadaye, Jumamosi hatacheza. Na wanataka aliandike yeye, kwa sababu ni shemeji yake, litaaminika.

Fikiria hapo ungekuwa wewe. Baada ya fainali ndipo wanachaguliwa wa kombaini ya mkoa kwenda taifa. Mwaka 2019 fainali za taifa zilikuwa Mtwara, kona ya pili kabisa ya nchi kutoka kwetu. Mwaka 2022 na 2024 zikawa Tabora. Dogo hajawahi kuvuka Mbeya mjini. Ni kidato cha nne, hana mwaka mwingine. Enzi zile Makongo Sekondari ya Dar es Salaam chini ya Kanali Idd Kipingu ilikuwa ngazi ya kupandia timu kubwa. Kwa mtoto wa huku, ngazi ni hii moja.

Mume wangu naye si mtu mbaya, niwe mkweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule iliposimamishwa nchini, yeye alikuwa shule ya msingi, winga mzuri tu kwa maelezo yake, na mpira wake ukaishia hapo. Ndiyo maana akawa mwalimu wa michezo. Hii fainali ameisubiri kuliko mimi nilivyosubiri mahari.

Jumatano usiku hakuniambia ameamua nini, na mimi sikuuliza. Nilipika, akala. Nilipoanza kutoa vyombo akaniita.

"Mama ana cheti cha kuzaliwa cha Dogo?"

Nikasema kipo kwenye begi la chuma, kwani vipi?

"Mwambie akitume kesho na gari ya asubuhi. Chenyewe, siyo kopi. Na kitambulisho cha shule. Nitavipeleka mimi mwenyewe kwa kamati, wavione mapema, wafunge huo mjadala."

Nikakaa. Nikamuuliza wenzake watasemaje. Akasema watasema alichosema mke wake. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuanza kulipia.

Cheti kimefika Alhamisi kwa kondakta, ndani ya bahasha ya kaki imefungwa nailoni mara tatu, mama na mambo yake. Kamati imekiona. Dogo anacheza. Pale kwenye benchi la Mbozi kuna watu wawili hawamsalimii mume wangu sawasawa, na kama tukifungwa na bao la Dogo sijui Jumatatu ataingiaje ofisi ya walimu.

Jana nilimuuliza kuhusu ule ukurasa wa mguu wa kushoto. Kasema hapo sasa namwonea. Pingamizi ni jambo moja, mpira ni jambo lingine, na beki wake wa kati amekwisha kuelekezwa. Nikampigia Dogo. Sikumwambia chochote cha kona, naapa. Nilimwambia tu kwamba shemeji yake anakumbuka vizuri sana maongezi ya Krismasi. Akanyamaza, halafu akasema, "Dada, goti lilipona mwezi wa tatu. Usimwambie shem."

Sijamwambia. Nimeshona kitenge changu upande mmoja rangi ya Mbozi, upande mmoja ya Tunduma, na nitakaa upande wa jua, peke yangu.