Zahanati Hukamilika Lini?

Katika taarifa za utekelezaji za halmashauri zetu si ajabu kukuta zahanati iliyofikia asilimia 95, na ukifungua taarifa ya mwaka unaofuata ukaikuta palepale. Kuta zimesimama, bati linang'aa, rangi imepakwa. Kwenye karatasi kilichobaki ni kidogo. Lakini kwa mama mjamzito wa kijiji hicho zahanati bado haipo, maana safari yake ya kwenda kliniki haijapungua hata hatua moja.

Kisheria, nchini Tanzania kazi hii ni ya serikali za mitaa. Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, zote za mwaka 1982, zinazipa halmashauri wajibu wa kulinda afya ya wakazi wake: si tiba tu, bali pia vyoo, masoko, machinjio, taka na kinga dhidi ya magonjwa ya kuambukiza. Wajibu huo una historia. Halmashauri zilipofutwa mapema miaka ya 1970, usafi wa miji ulizorota, na katika muongo huohuo kipindupindu kikaingia nchini. Mwaka 1978 mamlaka za miji zilianza kurudishwa. Baadaye Sera ya Afya ya 2007 ikaweka lengo ambalo kila mtu alilishika kichwani: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata, hospitali kila wilaya. Ahadi nyingi za ujenzi vijijini zinatokana na lengo hilo.

Mpango huanzia mkutano mkuu wa kijiji, ukapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ukachambuliwa na wataalamu wa halmashauri na kufikishwa mbele ya baraza la madiwani. Hapo hukutana na ukomo wa bajeti, na vipaumbele vilivyotoka chini huwa vingi kuliko fedha. Kinachofanyika mara nyingi ni kugawa: kata hii ipate za kupaua, ile ipate za msingi, nyingine ipate za milango. Diwani anayerudi kwa wapiga kura wake mikono mitupu ana kazi ngumu ya kujieleza, kwa hiyo mgawo huo una mantiki yake, tena una sura ya haki. Matokeo yake ni kwamba fedha ambazo zingemaliza zahanati mbili husogeza mbele zahanati tano, na mwaka unapokwisha hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Ujenzi wenyewe kwa kawaida huanza kwa nguvu za wananchi. Kaya huchanga, watu husomba mawe, mchanga na maji, fundi wa kijijini huinua boma hadi usawa wa renta. Halmashauri nayo huahidi kupaua na kufanya umaliziaji. Fedha za serikali zinapofika, kazi nyingi huendeshwa kwa fosi akaunti, yaani mafundi wa eneo husika badala ya mkandarasi, chini ya kamati za kijiji za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Utaratibu huu hupunguza gharama na fedha hubaki kijijini. Udhaifu wake uko kwenye usimamizi. Mhandisi wa halmashauri ni mmoja au wawili, maeneo ya kazi ni mengi, na gari lenye mafuta halipatikani kila siku. Wajumbe wa kamati ni wakulima wanaojitolea, nao husaini hati za mapokezi ya vifaa ambavyo ubora wake hawakufundishwa kuupima.

Kalenda nayo ina mchango wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Miezi ya mwanzo ni ya kiangazi, barabara zinapitika na mafundi wanapatikana, lakini mara nyingi fedha za maendeleo huwa bado hazijashuka. Zikifika mwishoni mwa robo ya tatu, katika mikoa yenye mvua za misimu miwili masika yameshaanza. Lori la saruji linakwama, mchanga wa mtoni haupatikani, wananchi wako mashambani. Baadaye Juni inakaribia, na fedha zisizotumika zinaweza kurudi au kuhitaji kibali kipya. Ndipo vifaa hununuliwa kwa haraka na kurundikwa stoo, wakati fundi wa kuvifunga hajasaini hata mkataba.

Tukirudi kwenye ile asilimia 5, tutaona kwamba ndiyo yenye huduma ndani yake. Humo mna maji, umeme, kichomea taka, shimo la kutupia kondo la nyuma, choo cha wagonjwa, vitanda, jokofu la chanjo na nyumba ya mtumishi. Tena vitu hivyo haviko mikononi mwa ofisi moja. Barabara za vijijini zina taasisi yake, maji yana yake, umeme una yake, na kila moja ina bajeti na ratiba yake. Watumishi wa afya huajiriwa kwa kibali cha serikali kuu. Kituo kisichosajiliwa hakipati mgawo wa dawa wala fedha za uendeshaji. Hivyo jengo linaweza kukabidhiwa kwa hati safi kabisa na bado likabaki na kufuli, bila mtu mmoja anayeweza kuelezwa kuwa ndiye aliyekwamisha.

Miradi ya usafi hupatwa na hali kama hiyo. Choo cha soko hujengwa vizuri, kisha kikafungwa kwa kukosa maji au kwa sababu hakuna aliyepangiwa kukisafisha. Gari la taka hupokelewa kwa shangwe, lakini fungu la mafuta na matairi halikuwekwa kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida. Mradi hununua kitu, ilhali afya ya jamii hulindwa na kazi inayorudiwa kila siku.

Gharama nazo hupanda kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni kutumia ramani moja na kiasi kimoja cha fedha kila mahali. Kiwanja cha mteremko au cha udongo mweusi wa mfinyanzi hudai msingi mkubwa zaidi, na mfuko wa saruji unaopelekwa mbali na duka huuzwa pamoja na nauli yake. Ya pili ni kusimama kwa kazi. Boma lisiloezekwa hunyeshewa, nyufa hutokea, mbao zilizokwisha kununuliwa huliwa na mchwa, na kazi inapoanza tena sehemu ya fedha huenda kurekebisha kilichokwisha kulipiwa. Ya tatu ni makadirio yaliyopunguzwa makusudi ili mradi uingie ndani ya ukomo wa bajeti. Mradi wa namna hiyo haukupanda bei. Bei yake halisi ndiyo kwanza inaonekana. Ya nne ni nguvu za wananchi kutothaminiwa kwa fedha. Wananchi wakichoka, kazi waliyokuwa wakiifanya bure inageuka deni lisilokuwa kwenye makadirio.

Hata mlango ukifunguliwa, suala la kufikika linabaki. Kipimo kinachotumika sana ni umbali wa kilometa 5 kutoka makazi hadi kituo. Lakini zahanati mara nyingi hujengwa mahali palipopatikana eneo la bure, pengine pembezoni mwa kijiji, ng'ambo ya korongo lisilovukika masika. Mtumishi akiwa mmoja, akienda semina huduma inasimama, na akiwa hana nyumba karibu, uzazi wa usiku hauna wa kuupokea. Mwenye kiti cha magurudumu hukuta ngazi tatu mlangoni. Mambo haya hayaonekani kwenye ramani, na karibu yote ni nafuu kuyapanga mapema kuliko kuyarekebisha baadaye.

Hapa si lazima kutafuta mkosaji. Kila ngazi huweza kuonyesha kwamba ilitimiza sehemu yake: kijiji kilichanga, halmashauri ilipaua, serikali kuu ilileta fedha. Kasoro iko kwenye tarehe inayohesabiwa. Tunapima siku ya kukabidhi jengo, wakati tunayopaswa kuiandika kwenye mpango ni siku ambayo mgonjwa wa kwanza atahudumiwa, pamoja na ofisi inayowajibika kwa maji, umeme, usajili na watumishi kabla ya siku hiyo. Halmashauri ikiamua pia kumaliza maboma yaliyopo kabla ya kuanzisha mengine, fedha ileile itafungua milango zaidi, ingawa baadhi ya kata zitasubiri.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Taarifa ya mradi ikisomwa, tusiridhike na asilimia. Tuulize ni lini dawa zitaletwa, nani atahudumia, na maji yatatoka wapi. Kisha majibu hayo yaingie kwenye muhtasari, yasomwe tena mkutano unaofuata.