Makali, Ukingo na Pindo: Neno la Kiingereza "Edge" katika Kiswahili

Katika maneno ya Kiingereza yatumikayo kila siku, ni machache yamsumbuayo mfasiri wa Kiswahili kama neno "edge". Ni neno fupi, hujulikana hata na mtoto wa shule, na kamusi hulipa nafasi yake bila ya taabu. Shida yake haitokani na uchache wa maneno ya Kiswahili yanayolikabili, bali na wingi wake: makali, ukingo, pindo, kando, pambizo, mdomo, mpaka. Mwanafunzi akiyaona yamepangwa mstari mmoja, yametenganishwa kwa mikato tu, hudhani kuwa lolote katika hayo latosha; ndipo aandikapo "ukingo wa kisu" au "makali ya meza". La kwanza halina maana iliyozoeleka. La pili lina maana, lakini humfanya msomaji ajihadhari asije akakatwa na meza.

Asili ya neno lenyewe yasaidia kulielewa. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "ecg", na kiini cha maana yake kilikuwa ukali wa chuma. Katika utenzi wa Beowulf neno hilo hutumika hata kwa maana ya upanga mzima, sehemu ikisimama mahali pa kitu chote. Lina udugu na neno la Kilatini "acies", ambalo nalo lilitaja makali ya silaha, na pia safu ya askari waliojipanga kwa vita. Maana ya mwisho wa kitu, kama vile wa meza, shamba au msitu, ilikuja baadaye, na kufikia mwishoni mwa karne ya 14 ilikuwa imekwisha kuingia. Basi Kiingereza kilianza na kinachokata, kisha kikalipeleka jina lilo hilo kwa kinachokoma. Kiswahili hakikupita njia hiyo.

Neno makali latokana na sifa -kali, na kwa maana hii halina umoja. Hutaja mahali kwenye kisu, lakini zaidi hutaja uwezo uliopo mahali hapo. Jambo hili huonekana wazi kisu kinapokuwa butu. Mwingereza husema kuwa kisu hicho kina "edge" iliyo butu, kwa sababu upande ule wa chuma bado upo hata kama haukati. Mswahili husema kisu hakina makali. Upande haukuondoka, kilichoondoka ni makali, nayo hurudi kisu kinaponolewa. Kwa hiyo usemi kama "makali butu" ni maneno yanayopigana yenyewe kwa yenyewe, ijapokuwa huonekana katika tafsiri za haraka. Upande mpana usiokata una jina lake, bapa, na mwisho uliochongoka una lake, ncha.

Kwa kuwa makali ni uwezo, neno hili huhama kwa urahisi kwenda kwenye jua, njaa, dawa na maisha. Hapo ndipo lugha hizi mbili zinapokutana bila ya kutazamiwa. Mwingereza aliyekula kipande cha mkate kabla ya chakula husema ameiondolea njaa "edge" yake. Mswahili husema amepunguza makali ya njaa. Mfasiri asilichukue bahati hili kuwa kanuni. Yule yule Mwingereza akisema kuwa mtu fulani ana "edge" kuliko mwenziwe, maana yake ni kwamba amemzidi kidogo tu, na kusema kuwa ana makali kuliko mwenziwe ni kumsifu kupita kiasi kilichokusudiwa.

Ukingo ni neno la namna nyingine kabisa. Ndani yake mna kitenzi kinga, chenye maana mbili zinazoelekeana: kuzuia jambo lisifike, na kupokea kinachoanguka, kama mtu akingapo maji ya mvua kwa ndoo. Ukingo wa sinia huzuia mchele usimwagike. Ukingo wa mto huyaweka maji katika njia yake. Ukingo wa kisima humlinda achotaye. Ni kweli kwamba siku hizi neno limepanuka, na watu husema ukingo wa meza, ambao haulindi kitu. Hata hivyo ile harufu ya ulinzi haijatoka, na huenda ndiyo sababu ukingo wa kisu hukataa kukaa vyema kinywani: chombo cha kukata kimepewa neno la kukinga. Vyombo vyenye uwazi wa juu, kama chungu, mtungi na kikombe, huwa na mdomo. Na pale Mwingereza asemapo kimejaa mpaka kwenye "brim", Kiswahili chaweza kuacha kutaja sehemu yoyote ya chombo na kusema kimejaa pomoni.

Katika nguo linatawala neno pindo, kutoka kitenzi pinda. Mwisho wa nguo ni mahali pakunjwapo na kushonwa ili nyuzi zisifumuke. Kanga yenyewe yaonyesha jinsi neno linavyoweza kuendelea baada ya kuacha kazi yake ya kwanza. Sehemu zake huitwa pindo, mji na jina: pindo ni urembo uzungukao pande zote nne, mji ni sehemu ya kati, na jina ni maandishi. Pindo hilo limepigwa chapa kiwandani, halikukunjwa na mtu. Mnunuzi akishaikata doti vipande viwili, ndipo apindapo kingo zilizokatwa. Basi nguo moja ina pindo la rangi na pindo la sindano. Tena mwanamke afungapo fedha pindoni huzifunga kwenye pembe ya nguo, mahali ambapo Mwingereza hangetaja "edge" hata kidogo.

Kando na mpaka zahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo kosa la neno laweza kuwa kosa la haki. Kando hutaja ujirani: nyumba iliyo kando ya barabara haimo barabarani. Ukingo ni sehemu ya kitu chenyewe. Mpaka si wa kitu kimoja. Huwa baina ya viwili, na watu ndio wauwekao. Mfano mkubwa ni Ziwa Nyasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mstari kwenye ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa, hata kufikia ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto Songwe. Malawi imeshikilia maneno hayo. Tanzania imeshikilia kuwa mpaka hupita katikati ya maji, na tofauti hiyo ilitokea hadharani mwaka 1967. Mwandishi wa Kiswahili aandikapo "mpaka wa ziwa" akikusudia mahali maji yanapokomea, amekwisha kuhukumu shauri bila ya kujua. Neno lake lilipaswa kuwa ukingo, ufuko au mwambao. Hili la mwisho latokana na kitenzi ambaa, kupita karibu na kitu bila ya kukigusa, kama jahazi liambaavyo pwani. Ni ukingo ulioonwa na mtu aliye chomboni.

Kikiwa kitenzi, "edge" humaanisha kusogea kidogo kidogo, na hapo majina yote yaliyotajwa hayana kazi, kujongea latosha. Mtu aliye "on edge" huwa roho juu. Usemi wa meno kuwa "on edge" kwa sababu ya kitu kichachu ndio wa ajabu kuliko yote, kwani Kiswahili husema meno yamekufa ganzi: Kiingereza chataja ukali pale Kiswahili kinapotaja kufa kwa hisi. Usemi huo wa Kiingereza hujulikana sana kwa methali ya zabibu mbichi katika vitabu vya Yeremia na Ezekieli, na kitenzi cha Kiebrania kilichomo ndicho kitumikacho katika kitabu cha Mhubiri kwa chuma kilichokuwa butu. Kwa meno, basi, Kiswahili kiko karibu na Kiebrania kuliko Kiingereza kilivyo.