Duka Lisilo na Frem

Novemba 2019, miezi saba tu baada ya hisa zake kuanza kuuzwa katika soko la New York, kampuni ya Jumia ilifunga biashara yake ya mtandaoni nchini Tanzania. Kampuni ile ilikuwa na fedha za wawekezaji na programu nzuri ya simu. Mabinti wanaouza madera kwenye status ya WhatsApp, wakiwa wamekaa chumbani Tabata au Mbagala, wao hawakufunga.

Si kwamba wana akili ya biashara kuliko wale mabwana wakubwa. Kwa maoni yangu, mteja wetu hanunui kwenye tovuti, ananunua kwa mtu. Anataka kuuliza kama rangi nyingine ipo, atumiwe video ya kitambaa kikivutwa, apunguziwe kidogo, ndipo aseme "niletee". Mashine haina subira hiyo, na kampuni inayolipa mishahara ya watu wa kupokea maswali hayo yote itaona dera moja halirudishi gharama. Muuzaji mdogo hulipwa kwa subira hiyo hasa.

Mvuto wa biashara hii unaeleweka haraka ukishaulizia frem Kariakoo. Kuna kodi inayolipwa ya miezi kadhaa mbele, na mara nyingi kuna kilemba cha kumpa anayekuachia, kabla hujaweka hata hanga moja ukutani. Mtandaoni unaanza na simu, bando na mzigo mdogo. Toka Januari 2018 kuna WhatsApp Business, inayokupa katalogi ya bidhaa na majibu ya haraka bila malipo. Wengine hawana hata mzigo: ni mawinga, wanapiga picha za bidhaa madukani mwa watu, wanaweka cha juu, oda ikija ndiyo wanakwenda kuchukua. Ni njia halali ya kujifunza soko, ingawa siku bidhaa ikiisha dukani kwa mwenyewe, lawama ni zako.

Lakini kodi uliyoikwepa inakungoja njiani. Tufanye umenunua dera kwa bei ya jumla ya shilingi 12,000 na unaliuza 20,000. Umepata oda kumi, kichwani unahesabu faida ya 80,000. Wateja wanane wanapokea na kulipa, nauli ya bodaboda juu yao. Wawili wanazima simu boda akiwa mlangoni. Faida ya madera manane ni 64,000. Boda wa wale wawili, kwenda na kurudi, 10,000 kila mmoja: inabaki 44,000. Toa mifuko ya kufungashia, 500 kwa kila oda, na 9,000 za bando na tangazo la kulipia. Umebaki na 30,000, yaani 3,750 kwa dera moja, na bado hujajilipa mwenyewe. Wengi ninaowaona wakilalamika kwamba "mtandao hauna hela" wana wateja wa kutosha. Kinachowamaliza ni hao wawili. Dawa yake ni kanuni moja isiyopendeza: nauli ya boda itangulie. Atakayekataa kuituma, aghalabu hakuwa mnunuzi.

Soko la mikoani ni tamu zaidi, na huko malipo kutangulia ni jambo la kawaida. Mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli, Mbezi, unakatiwa risiti kwenye basi, risiti inapigwa picha na kutumwa kwa mteja pamoja na jina la basi na namba ya kuulizia. Kesho yake anachukua mzigo stendi ya Mbeya au Kahama. Andika jina na simu ya mpokeaji juu ya kifurushi chenyewe, si kwenye risiti peke yake. Risiti hupotea.

Hapa ndipo uaminifu unapogeuka mtaji, kwani mtu wa Kahama anatuma fedha kwa mgeni. Lipa namba inasaidia kuliko namba ya kawaida, maana mteja anaona jina la biashara kabla ya kuweka namba yake ya siri, na mwisho wa mwezi una kumbukumbu ya mauzo iliyotengana na hela ya mboga. Picha zako mwenyewe, hata za simu ya kawaida, zina nguvu kuliko zile za kiwandani ambazo wauzaji hamsini wamezibandika. Na bei iwekwe wazi. Ule mtindo wa "bei njoo inboksi" sijawahi kuuelewa. Unamchosha mwenye hela na kumkaribisha mwenye muda.

Usajili nao usiusahau: namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa na TRA bila malipo, na jina la biashara husajiliwa BRELA. Yafanye yote mawili mapema, kwani kuuza mtandaoni hakufuti kodi ya mapato.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la kuuza nini. Mimi huangalia vitu viwili: kiwe kinaisha au kinachakaa ili mteja arudi, na kivumilie kutupwa kwenye buti la basi. Mafuta ya nywele, nguo za watoto wachanga, viungo vya chai vilivyosagwa, vipuri vya cherehani. Vyombo vya udongo sivitaki, hata vikiwa na faida mara tatu. Anza na aina moja hadi watu wakuhifadhi kwenye simu zao kwa jina la bidhaa hiyo, "Mama Viungo" au "Dada Vipuri", ndipo uongeze ya pili.