strcat Haiulizi Nafasi

Katika lugha ya C, maandishi hayabebi kipimo cha urefu wake. Ni baiti zilizopangana kwenye kumbukumbu, na mwisho wake hujulikana kwa baiti moja yenye thamani ya sifuri. Dennis Ritchie, muundaji wa C, alirithi wazo la kuweka alama ya mwisho kutoka lugha ya B ya Ken Thompson, ingawa alama ya B haikuwa sifuri. Kuweka urefu ndani ya biti 8 au 9 kungebana ukubwa wa maandishi. Kwa mashine za wakati ule uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Gharama yake tunailipa mpaka leo, hasa tunapounganisha maandishi mawili.

Chukua safu iitwayo mji, yenye baiti 10, ambayo ndani yake mna "Dar". Ukiita strcat(mji, " es Salaam"), fanksheni hiyo itatafuta sifuri baada ya herufi r, kisha itaanza kunakili hapo. Hesabu: herufi na nafasi za "Dar es Salaam" ni 13, na sifuri ya mwisho ni ya 14. Baiti nne zitaandikwa nje ya safu, juu ya chochote kilichopo jirani. strcat haina kosa lolote hapo, kwa sababu haikuambiwa ukubwa wa safu wala haina njia ya kuujua. Huenda programu ikaendelea kama kawaida mbele yako, ikaja kuanguka kwa mteja.

Wengi hukimbilia strncat, wakiamini ile n ni ulinzi. Jaribu strncat(mji, " es Salaam", sizeof mji). Namba ya tatu si ukubwa wa safu. Ni idadi ya juu ya herufi za kuongeza, na sifuri huja juu yake. Kwa hiyo herufi zote 10 zitaongezwa, na tutafurika kwa baiti zilezile nne! Hesabu sahihi ni sizeof mji - strlen(mji) - 1, yaani 6, nayo inatupa "Dar es Sa". Na kama mji umefika kwenye fanksheni yako kama pointa, sizeof itakupa ukubwa wa pointa, ambao kwenye mashine nyingi za biti 64 ni 8, bila kujali safu ina baiti ngapi. Kwa maoni yangu, strncat ni hatari kuliko strcat: strcat angalau haijifanyi salama.

Mwaka 1998 mradi wa OpenBSD ulileta strlcat, inayopokea ukubwa wa safu nzima na kurudisha urefu ambao ungehitajika. Waliosimamia maktaba ya glibc waliikataa kwa miaka mingi, wakihoji kwamba kukata maandishi kimyakimya nako ni kosa. Waliikubali mwaka 2023.

Hoja yao haikuwa ya bure. Njia ya faili iliyokatwa inaweza kuelekeza kwenye faili jingine kabisa. Ndiyo maana napendelea snprintf, iliyoingia kwenye kiwango cha C99, kwa sharti kwamba jibu lake lisomwe. Ikiwa a ni "Dar" na b ni " es Salaam", snprintf(mji, sizeof mji, "%s%s", a, b) haitavuka safu, na itarudisha 13. Kwa kuwa 13 si ndogo kuliko 10, unajua maandishi yamekatwa. Jibu hasi maana yake ni hitilafu. Ukitaka nafasi kamili, ipe kwanza NULL na 0, pokea 13, kisha omba baiti 14 kwa malloc. Ila usiifanye mji kuwa chanzo na mahali pa kuandikia kwa wakati mmoja. Kiwango cha C hakikuhakikishii matokeo yake.

Kumbuka pia kwamba hesabu zote hizi ni za baiti. Katika UTF-8, kile kikoma cha juu kilichopinda ambacho simu nyingi huweka ndani ya "ng’ombe" huchukua baiti tatu, na snprintf inaweza kukata katikati yake.