Kabla ya Kupiga Windows, Tazama Mashine Inasubiri Nini

Kijana mmoja mwenye studio ya video Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, alinipigia simu katikati ya msimu wa harusi, wakati ule kahawa ya milimani imeshauzwa na kila Jumamosi kuna shughuli. Programu yake ya kuhariri ilikuwa inachukua dakika sita kufunguka. Alikuwa ameshaibeba kompyuta hadi Mbinga mjini, kilomita 66, akapigiwa Windows upya. Wiki mbili baadaye dakika zikawa zile zile. Safari ya pili alifika Songea, akashauriwa aongeze RAM, akaongeza, hali haikubadilika. Kibaya zaidi, katika ile safari ya kwanza diski ilifutwa yote, na video za kipaimara za familia tatu zikaenda nayo. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na nakala mahali pengine.

Nilimwomba afanye jambo moja tu: afungue programu huku akitazama mashine inafanya nini. Tuligundua kwamba kwa sehemu kubwa ya dakika zile sita haikuwa ikifanya chochote. Ilikuwa inasubiri.

Kufungua programu ya kuhariri video, iwe Premiere Pro, VEGAS Pro au DaVinci Resolve, ni kama kuandaa jiko la harusi. Kabla pilau haijainjikwa, mpishi mkuu anakusanya masufuria, kuni, viungo, maji na watu. Jiko linaweza kuchelewa kwa sababu kazi ni nyingi kuliko mikono. Linaweza kuchelewa kwa sababu maji yanachotwa kwa kikombe badala ya ndoo. Au kila kitu kiko tayari, watu wamekaa, wanamngoja aliyetumwa dukani. Aliye nje ya ua anaona jambo moja tu, kwamba chakula hakijaiva. Ukimwongezea wapishi yule anayengoja chumvi, hujamsaidia.

Kwa mashine ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litatokea. Kisha fungua programu yako na utazame safu tatu: CPU, kumbukumbu (RAM) na diski. Diski ikipanda hadi asilimia 100 na kukaa hapo huku CPU ikiwa chini, maji yanachotwa kwa kikombe. CPU ikipanda juu na kubaki juu, kuna kazi kweli, na kama programu yako bado haijaanza kazi, tafuta nani mwingine anaitumia. Safu zote zikilala na programu bado haijafunguka, kuna aliyetumwa dukani.

Nianze na diski, kwa kuwa kompyuta nyingi za mtumba zinazofika kwetu bado zina diski za kuzunguka. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Kwa wastani itangoja nusu ya mzunguko ndipo data inayotakiwa ipite chini ya kichwa cha kusomea, na kichwa chenyewe kinahitaji milisekunde kama 10 au zaidi kufika mahali pake. Kwa hesabu ya juu juu, diski hiyo inaweza kuokota vipande vidogo kama 60 kwa sekunde. Programu ikihitaji vipande 10,000 vilivyotawanyika, hapo pekee zimekwenda karibu dakika tatu. Diski ya SSD haina kinachozunguka, na kazi ile ile inaimaliza kwa sekunde chache. Kwa hiyo mtu akiniuliza pesa kidogo aliyonayo aitie wapi, kwa mashine yenye diski ya kuzunguka jibu langu ni moja: SSD kwanza, hata ikiwa ndogo, ya kuwekea Windows na programu. Video zenyewe zinaweza kubaki kwenye diski ya zamani.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kununua kitu. Washa kompyuta, fungua programu, pima muda kwa saa ya simu. Ifunge, uifungue tena papo hapo, upime tena. Windows huweka kwenye RAM vitu ilivyosoma karibuni, kwa hiyo mara ya pili haiendi sana kwenye diski. Kama mara ya kwanza ni dakika tatu na mara ya pili ni sekunde 30, diski ndiyo mkosaji. Kama mara zote mbili ni sawa, usinunue diski bado.

RAM nayo ina nafasi yake. Ikijaa, Windows huanza kuegesha mizigo kwenye diski, na kwenye diski ya kuzunguka hayo ni mateso. Lakini tazama kwanza kama imejaa kweli. DaVinci Resolve inataka GB 16, na kwenye mashine ya GB 4 hakuna ujanja utakaoifanya iruke. Mwenye mashine ya namna hiyo namshauri ajaribu Shotcut au Kdenlive, ambazo ni za bure na nyepesi zaidi.

Sasa nije kwa huyu anayengoja, kwa sababu ndiye anayewapotezea watu wetu nauli nyingi kuliko wote. Programu nyingi za kulipia, na baadhi ya programu jalizi, zile wahariri wanazoziita plagini, zinapofunguka huuliza kwenye intaneti kama leseni ni halali au kama kuna toleo jipya. Intaneti ikiwa imezimwa kabisa, Windows inajua mara moja kwamba hakuna njia, na programu nyingi huendelea na shughuli zake. Intaneti ikiwa nzuri, jibu hurudi kabla hujapepesa jicho. Tatizo ni ile ya katikati: simu inayogawa mtandao ina alama moja tu, inapotea ukikaa, inarudi ukisimama, kama ilivyo sehemu nyingi za ufukweni kuanzia Lituhi hadi Liuli. Hapo programu inaona njia ipo, inatuma swali, inangoja, swali linapotea, inatuma tena. Kila swali lina muda wake wa kukata tamaa, na maswali yakiwa matano au sita yanayofuatana, dakika zinapita huku mashine imekaa kimya. Mtandao dhaifu unaweza kukuchelewesha kuliko kutokuwa na mtandao kabisa.

Kipimo chake ni rahisi. Zima Wi-Fi, fungua programu, pima. Ikiwa sasa inafunguka haraka, umempata. Programu ya kulipia kwa mwezi lazima ithibitishwe mara kwa mara, basi fanya hivyo siku uliyo mahali penye mtandao imara, na siku nyingine fungua kwanza ndipo uwashe mtandao.

Diski ya nje ni mngojewa wa pili. Ikikaa bila kutumika huzima mota yake, na programu ikitaka kuangalia kilichomo lazima ingoje izunguke tena. Ikiwa nzee au waya wake wa USB umelegea, kungoja huko kunarefuka. Kwa yule kijana wa Mbamba Bay makosa yalikuwa haya mawili pamoja: mtandao wa simu na diski ya nje iliyokuwa inakaribia kufa. Alipochomoa diski na kuzima Wi-Fi, dakika sita zilishuka hadi chini ya moja. RAM aliyonunua haikuwa na kosa, ila haikuhitajika.

Baada ya hapo angalia mizigo uliyojibebesha mwenyewe. Ukurasa unaoonekana programu inapofunguka mara nyingi huandika kwa herufi ndogo kile inachopakia wakati huo. Maandishi yakisimama muda mrefu kwenye jina moja, liandike. Huenda ni plagini ya mapambo ya harusi uliyopewa kwenye fleshi, ukaitumia mara moja. Fonti nazo zikifika maelfu huchelewesha baadhi ya programu. Na plagini zilizovunjwa leseni nasema wazi, zikatae: pamoja na kuwa ni wizi, baadhi zimebeba programu za siri zinazotumia CPU yako kwa faida ya mtu usiyemjua. Hapo ndipo ile safu ya CPU hukaa juu bila sababu.

Tofautisha pia programu na kazi. Ifungue programu tupu, bila kazi yoyote. Ikifunguka vizuri na kukwama unapoingia harusi ya wiki iliyopita, shida iko kwenye kazi hiyo, mara nyingi faili zake zimehamishwa na programu inazitafuta. Kila shughuli ipewe faili lake la kazi, usizirundike harusi 20 mahali pamoja.

Umeme nao huchangia: wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, lakini bado hukatika. Ukikatika programu ikiwa inaandika mipangilio yake, faili la mipangilio hiyo linaweza kuharibika na kila asubuhi programu ikahangaika nalo. Kwa Premiere Pro, shikilia Alt unapoifungua ili mipangilio ianze upya. Kwa VEGAS Pro, shikilia Ctrl na Shift. UPS ndogo itakuepusha na usumbufu huu. Joto la ziwani, ambalo wengi hulilaumu, huumiza zaidi wakati wa kutoa video iliyokamilika kuliko wakati wa kufungua.

Ukimaliza haya yote na mashine bado inasuasua, mpelekee fundi, na umpe zile dakika ulizopima na jina uliloliandika. Lakini kabla hujapanda gari, nakili video za wateja kwenye diski nyingine na uiache nyumbani. Windows itapigwa hata mara kumi. Kipaimara cha mtoto hakirudiwi.