Nani Amekula Mtori wa Mwenzake?

Leo nataka tuzungumze habari ya mtu anayekula chakula cha wenzake kazini. Najua wengine mtacheka. Mtasema nchi ina mambo makubwa, na mtu huyu anatuletea habari za hotipoti. Chekeni, kisha mnisikilize.

Sisi tunaotoka Machame kwenda kufanya kazi Moshi mjini tunaondoka nyumbani alfajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Ni jambo jema, lakini katika dakika 60 hakuna awezaye kupanda mlimani, kula na kurudi. Kwa hiyo tunabeba. Huyu ana kiburu cha jana, yule ana machalari, mwingine wali na maharage. Vyote vinawekwa kwenye friji moja au juu ya kabati, na kila mtu anakwenda kwenye meza yake akiwa na imani. Imani hiyo ndiyo inayoliwa kwanza.

Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilifanya kazi na mama aliyekuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kumnyonyesha mtoto wake. Mama mkwe wake alikuwa akimpikia mtori, ndizi zilizopondwa pamoja na nyama mpaka zikalainika, kama apikiwavyo mzazi yeyote huku kwetu. Siku ya kwanza alikuta chupa imepungua nusu. Siku ya tatu aliikuta tupu, tena imeoshwa! Mwizi alikuwa na adabu zake.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Hakuna aliyependekeza maofisa waulizwe. Aliyeitwa ni dada wa usafi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na funguo, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wote. Alihojiwa mbele ya watu, akalia mbele ya watu. Wiki mbili baadaye dada huyo alikwenda nyumbani kuuguza, na chakula kikaendelea kupotea. Ndipo watu wakaanza kutazamana. Mla mtori alikuwa bwana mmoja mwenye cheo, ambaye saa ya chakula hakutoka kamwe, akisema ana kazi nyingi. Alipobanwa alijibu kwamba sisi Wachagga hatunyimani chakula.

Jibu hilo liliniudhi kuliko wizi wenyewe. Ni kweli hatunyimani. Ukimkuta mtu anakula atakuambia karibu, na ukinawa ukala hakuna atakayekusema. Lakini kukaribishwa kunataka awepo wa kukaribisha. Wahenga waliposema mla cha mwenzake na chake huliwa, walikuwa wakizungumzia kupokezana, leo kwangu kesho kwako, macho yetu yakionana. Bwana yule hakuwahi kuleta ofisini hata ndizi mbivu moja.

Tena yako madhara ambayo mlaji hayaoni. Katika wenzako yupo mgonjwa wa kisukari aliyejichoma sindano ya insulini asubuhi, akitegemea kula saa saba. Akikosa chakula hicho, sukari yake inaweza kushuka. Ataanza kutoka jasho na kutetemeka, atachanganyikiwa, na asiposaidiwa upesi kwa kitu chenye sukari anaweza kuzirai. Ukifungua kopo la mtu hujui limebeba nini zaidi ya chakula.

Tufanyeje? Wapo wanaotega. Wanajaza pilipili kichaa, au wanatia dawa ya kuharisha, kisha wanakaa pembeni wakingoja kicheko. Msifanye hivyo. Kumpa mtu kitu cha kumdhuru ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mtego haumjui mwizi. Anaweza kuula aliyekosea kopo.

Anza kwa kuzungumza naye faraghani, bila kumwita mwizi. Mwambie, "Ndugu yangu, chakula changu cha leo kimeliwa. Kama una shida niambie, nitaongeza kidogo nikija." Wengi huachia hapo, maana walikuwa wakitegemea ukimya wako. Na shida huwa zipo kweli. Januari, ada za shule zikishalipwa, wapo watu wazima wenye tai wanaoshinda na maji matupu, nao wanaona aibu kumkopa mama lishe. Huyo anasaidika. Kwa yule bwana wa cheo hata salamu ya faraghani haikufua dafu.

Hapo peleka habari kwa msimamizi, kwa maandishi na tarehe zake. Kisheria, kuchukua kitu cha mtu bila haki na kwa nia ya kumnyima moja kwa moja ni wizi, na mtori ukishaliwa haurudishiki. Adhabu ya wizi inaweza kufika kifungo cha miaka 7, ingawa sishauri mtu yeyote akimbilie polisi kwa sahani moja. Ila msimamizi naye ana mipaka yake. Sheria inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, yaani mshutumiwa aelezwe kosa na asikilizwe. Anayefukuzwa kwa minong'ono tu anaweza kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Haki hiyo ni ya bwana mwenye cheo, na ni ya dada mwenye ufagio pia.

Dada yule alirudi kazini baada ya kuuguza, akakuta friji imewekewa kufuli. Kuhusu yale machozi, hadi ninaondoka pale hakuna aliyekuwa amemwambia samahani, wala mbele ya watu wala faraghani.