Anasoma Vizuri, Lakini Ameelewa?

“Mama aliyatazama mawingu juu ya milima ya Udzungwa. Akawaita watoto, wakaanua mpunga mbio mbio.”

Sentensi hizo huwa nawapa watoto wa darasa la pili hapa Ifakara wazisome kwa sauti. Kisha nauliza: mama ana haraka ya nini? Mvua haikutajwa popote. Binti mmoja alijibu papo hapo: “Mvua inakuja, mwalimu. Mpunga ukilowa unaota, na mashineni mchele unakatika.” Huko ndiko kusoma kwa ufahamu. Aliunganisha maneno ya kitabuni na anayoyajua ya nyumbani, akapata jambo ambalo halikuandikwa.

Kiswahili husomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazishika silabi, anaweza kutamka ukurasa mzima bila kujua unasema nini, na mzazi anayemsikia kutoka uani akaridhika. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili ndio waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotakiwa. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ulikuwa uamuzi mzuri.

Wepesi wa kusoma una nafasi yake. Anayesoma a-ka-a-nu-a, silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Kwa hiyo mwacheni arudie hadithi ileile hata akiwachosha.

Ila mimi nasisitiza zaidi yale anayoyajua mtoto kabla hajafungua kitabu. Mwaka 1988 huko Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo walikumbuka mengi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Hapa kwetu nina hadithi ya basi la Mahenge linalosubiri kando ya mto Kilombero. Watoto wa sasa wamelikuta daraja, lililofunguliwa mwaka 2018. Wanasoma kila neno, lakini hawajui basi linasubiri nini. Nikiwasimulia kwanza habari za pantoni, foleni yake na abiria waliokaa na mizigo yao juani, wanaanza wenyewe kubashiri kitakachotokea.

Kuna watoto wa wafugaji ambao nyumbani huzungumza Kisukuma au Kimaasai. Hao wanajifunza kusoma na wanajifunza lugha kwa wakati mmoja; kuwaita wazito ni kuwaonea. Kuna pia wale ambao familia zao huhamia mashambani bondeni msimu wa mpunga, wakashinda wakiamia ndege huku wenzao wakiendelea na masomo. Huko vitabu ni shida, lakini mazungumzo yapo, na mtoto anayeelezwa kwa nini maji yamechelewa kupungua mwaka huu anaongeza maneno na maarifa atakayoyahitaji darasani.

Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kusaidia. Jioni mtoto asome kwa sauti, kisha mzazi aulize: nani kafanya nini? Kwa nini? Unadhani itakuwaje? Mtoto akikwama, wazungumze kwanza kwa Kindamba, Kipogoro au lugha yoyote ya nyumbani, halafu arudi kwenye ukurasa uleule.